Mwalimu wa Hadithi Aliyeanza Upya Ugenini

(Muziki wa kuanzia, kisha unashuka)

Leo sina mgeni studioni. Nimekuletea maisha ya mwalimu mmoja, na hasa nawalenga wawili: kijana wa kikundi cha maigizo anayeniuliza kila wiki hadithi inaanzia wapi, na mzee wangu uliyekuwa mwalimu kule nyumbani na sasa unasema kazi yako ilibaki ng'ambo ya mpaka.

Mwalimu huyo ni Frank Daniel. Kwao aliitwa František. Alizaliwa mwaka 1926 Chekoslovakia, nchi ya katikati ya Ulaya ambayo leo haiko tena, imegawanyika kuwa mbili. Alifundisha watu kuandika filamu. Sisemi kucheza mbele ya kamera wala kuishika. Nasema ile kazi ya kukaa na kalamu kabla ya yote hayo, ukaamua nani anaingia, anataka nini, na nani atamzuia.

Alifundisha katika chuo cha filamu cha mji mkuu, Prague. Katika chuo hicho alipita pia Miloš Forman, yatima ambaye wazazi wake wote wawili walikufa katika kambi za Wanazi, na ambaye baadaye alipata tuzo ya Oscar. Kumbuka jina hilo, tutakutana nalo tena.

Mwaka 1968 serikali ya Chekoslovakia ilianza kulegeza kamba. Watu waliandika na kusema mambo ambayo zamani yangewapeleka gerezani. Haikudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti, vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake viliingia nchini. Waandishi, walimu na wasanii wengi waliondoka, naye Daniel na familia yake wakaishia Marekani. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Wewe unajua umri huo ukoje kwa mtu anayeanza upya: vijana wamekutangulia kwa lugha, na wanaokusikiliza hawajui kwenu ulikuwa nani.

Huko Los Angeles, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imefungua shule yake. Daniel akawa mkuu wa masomo, akifundisha kwa Kiingereza, lugha ambayo si ya mama yake. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa David Lynch, kijana mchoraji asiyependa kupangiwa. Siku moja Lynch alikuta amewekwa katika madarasa ya mwaka wa kwanza wakati yeye ni wa mwaka wa pili. Akakasirika, akatangaza kwamba anaacha shule. Wakuu wangapi wangesema mlango ule pale? Daniel alisema kwamba kama kijana huyu amekasirika hivi, basi kosa ni letu sisi shule. Akamuuliza anataka kufanya nini. Lynch akataja filamu aliyokuwa nayo kichwani, wakamruhusu aifanye. Ilimchukua miaka mingi, ikatoka mwaka 1977, na ndiyo iliyofungua njia yake. Mpaka uzeeni Lynch aliendelea kumsifu mwalimu huyu.

Baadaye Daniel alihamia New York, akaongoza masomo ya filamu katika Chuo Kikuu cha Columbia pamoja na yule yule Forman, ambaye naye alikuwa ameikimbia Prague. Wawili waliopoteza nchi moja, darasa moja. Taasisi ya Sundance ilipoanzishwa mwaka 1981 kusaidia watengeneza filamu wapya, yeye ndiye mkurugenzi wake wa kwanza wa sanaa. Kisha akarudi Los Angeles kuongoza shule ya filamu ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Alifariki mwaka 1996.

Sasa wewe wa maigizo, sogea. Daniel alifundisha kwamba hadithi ni mtu anayetaka kitu sana, na kukipata ni kugumu. Basi. Kama mtu wako hataki kitu, hata awe na maneno matamu vipi, watu wataondoka uwanjani. Na mtazamaji lazima awe na tumaini na hofu kwa pamoja: tumaini kwamba mama atapata jina la mwanawe kwenye orodha, hofu kwamba orodha itaisha kabla hajalifikia. Kimojawapo kikikosekana, mchezo umelala.

Tena alitahadharisha kuhusu "halafu". Alikwenda mtoni, halafu akarudi, halafu akapika. Hiyo ni ratiba. Jaribu "lakini" na "kwa hiyo": alikwenda mtoni, lakini maji yamekauka, kwa hiyo akagonga mlango wa jirani waliyenuniana. Ona, tayari unataka kujua jirani alijibu nini.

Na kuna mbinu ya kadi. Kila tukio unaliandika kwa maneno machache kwenye kadi yake. Ukifikisha kadi sabini, una filamu nzima. Sisi kadi hatuna, lakini maboksi ya sabuni tunayo. Kata vipande, vipange chini, vihamishe. Mchezo wa nusu saa unataka vichache zaidi, labda kumi na viwili, hayo ni makadirio yangu.

Nimesema sitamsahau mzee. Daniel alikuwa baba pia, na mwanawe mmoja alikuja kuwa mwalimu wa uandishi wa filamu kama yeye. Sijui unalichukuliaje hilo. Mimi nilipolisoma niliwafikiria watoto wa hapa ambao hawajawahi kumwona baba yao akishika chaki, wanasikia tu kwamba alikuwa mwalimu. Huyu mtoto alimwona baba akiamka katika nchi ya watu na kwenda kufundisha. Najua, mzee, hapa hakuna chuo kinachokungoja, na cheti chako pengine kiliungua. Lakini vijana wa maigizo wanakutana Jumamosi saa tisa chini ya mwembe nyuma ya kisima, na hawana mtu wa kuwasahihishia.

Vipande vyenu vya boksi vileteni studioni kabla ya Alhamisi, jina na namba ya bloku nyuma. Kipindi kijacho tutasoma hewani vitatu, na tutazungumza na mkunga wa zamu ya usiku.

(Muziki wa kumalizia)