Usitie sahihi ku raporo yenye haukusomewa

Maneno yaliyosemwa na mumoja wetu mbele ya watumikaji na familia zao, Likasi



Leo hatukuja kusema juu ya barabara wala umeme. Tunasema juu ya karatasi moja: raporo ya munganga yenye kuonyesha namna mutumikaji aliumia ku kazi, na kiwango cha ulemavu wake ni asilimia ngapi. Wengi wanazani ni karatasi tu. Lakini CNSS inahesabu feza kupitia ile asilimia. Ikishuka, mutu anaweza kukosa malipo ya kila wakati, akapewa feza mara moja, basi. Nyuma ya ile namba kuko nyumba ya kupanga, masomo ya watoto na dawa.

Muangalie papa mumoja wa mutaa wetu. Jina lake tunaliacha. Alikuwa anaunganisha vyuma, ni sudere. Mutambo ulimukata vidole viwili vya mukono wa kuume. Raporo ikatoka. Ya kwanza: ilisema mukono wa kushoto. Ya pili: ilisema kazi yake ni zamu. Ya tatu: ilisema anashika vyombo bila shida, na hakuna mutu alimupa hata kijiko ashike. Ya ine: tarehe ya ajali ilikuwa siku yenye hakutumika. Makosa mane ku ukurasa mumoja, na chini yake sahihi ya papa mwenyewe! Juu ya nini? Raporo ilikuwa ya Kifaransa, na walimuambia: "Papa, tia sahihi hapa, wengine wanangoja."

Familia ilifanya nini? Mama alienda kulia ku biro. Muyomba akasema watafute bahasha. Bandugu, machozi hayabadilishe mustari. Na bahasha ni mubaya zaidi: unanunua haki yako mwenyewe, na siku mukubwa anahamishwa, kosa linabaki ku dosye.

Njia ni hii. Usipigane na asilimia kwanza. Piga mustari wenye kosa, asilimia imesimama juu yake.

1. Omba kopi ya raporo kwa barua. Chunga tarehe yenye jibu lilikufikia, juu recours iko na muda wake. Usingoje mwezi upite.

2. Panga makosa kwa namba. Kila namba iko na vitu vitatu: raporo inasema nini, ukweli ni nini, ushahidi uko wapi. Kontra inaonyesha kazi yako. Karatasi ya hospitali ya siku ya kwanza inaonyesha mukono gani. Declaration ya ajali na wenzako wa zamu ile wanaonyesha siku.

3. Usiandike "ninateseka sana". Andika kazi yenye huwezi tena: kushika nyundo, kufunga vifungo vya shati, kubeba ndoo. Na siku zenye maumivu yanazidi, andika vilevile.

4. Omba munganga mwengine apime tena, ni kusema contre-expertise.

5. Peleka barua mbili. Moja inabaki, moja inarudi na muhuri na tarehe. Bila muhuri, kesho watasema hawajakuona. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Ni na ile karatasi utaenda kwa inspekta wa kazi ao kwa avoka.

Ule papa alifanya vile. Mukono na kazi vimesahihishwa. Asilimia yenyewe, mupaka leo, anangoja jibu. Kwa hiyo hatuimbe ushindi.

Hatuseme waganga ni wabaya. Mutu mwenye kupima watu wengi kwa siku anaweza kukosea. Lakini kosa lenye kukataa kusahihishwa linakuwa uzulumu.

Na hatuombe musaada, tunadai sheria. Katiba, artikle 49, inamupa mutu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa njia za pekee. Sheria ya 3 Mei 2022 iliandikwa juu ya haki zake. Na Katiba ileile, ku artikle ya 1, inaita Kiswahili luga ya taifa. Basi kwa nini mutumikaji wa Likasi anatiishwa sahihi ku maneno yenye hakuelewa?

Tunadai vitu vitatu: kila mutu apewe kopi ya raporo yake, asomewe kwa luga yake mbele ya sahihi, na kila kukataa kuandikwe pamoja na sababu. Tutapeleka petisyon. Artikle 27 inaambia mamlaka wajibu ndani ya miezi mitatu. Tutahesabu.

Sisi vijana wenye diplome bila kazi, kalamu tuko nayo, na wakati tuko nao. Mwenye raporo nyumbani alete kopi Jumamosi, orijinali ibaki kwake. Tutasoma pamoja, mustari kwa mustari, na hatutakamata feza ya mutu.

Haki haina bahasha.