Familia ya Manamba katika Vitabu vya Sensa



Neno manamba bado limo katika kauli za watu wa Tanga na Morogoro, ingawa wengi hulitamka pasipo kukumbuka asili yake. Kibarua wa mkataba aliyefikishwa katika mashamba ya mkonge alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa kwenye kazi na kwenye mshahara. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wanaume waliletwa kutoka mbali, wakiwemo Waha wa Kigoma waliosafirishwa kwa reli. Kadi ya kazi, yaani kipande, ilikuwa na nafasi za siku 30, na siku iliandikwa pale tu kibarua alipomaliza kazi aliyopimiwa. Asiyemaliza, jasho lake la siku hiyo halikuwa na hesabu.

Mwezi Agosti 1948 Waafrika wa Tanganyika walihesabiwa kwa maswali machache: jinsia, kundi la umri, kabila. Maswali ya ziada waliulizwa wachache tu, sehemu moja kati ya kumi, na kila mtu alihesabiwa mahali alipokutwa. Kanuni hiyo ni ya busara, kwani humzuia mtu kuhesabiwa mara mbili. Lakini na itazamwe ilivyoifanya familia ya kibarua.

Tuseme mume amelala kambini Korogwe, chumba kimoja na wanaume wasio ndugu zake, na mkewe na watoto wamelala Kasulu. Katika vitabu, baba ni Mha mmoja aliyeongezeka upande wa Tanga. Mama na watoto wamo katika jumla ya Buha. Hakuna mstari unaowaunganisha. Anayesoma kwamba Kigoma ilikuwa na wanawake wengi kuliko wanaume, naye hajui habari za reli na mkonge, atadhani ni kioja cha maumbile.

Mke aliyemfuata mumewe shambani naye hakupata nafasi iliyo bora. Alipalilia, akaanika singa nje ya korona, akapika, akalea. Katika hesabu ile alibaki mwanamke wa kundi fulani la umri, basi.

Habari hii si ya makavazi peke yake. Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, iliuliza mengi zaidi na kuandika kaya kwa kaya. Hata hivyo nayo ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kibarua wa msimu bado huondoka nyumbani. Kinachoweza kumrejesha katika kaya yake ni daftari la wakazi, ambalo viongozi wa vijiji hulitegemea wanapopanga nafasi za darasa la kwanza au wanapotaka kujua wazee ni wangapi.

Basi kaya ambayo mmoja wake yuko kibaruani nje ya kata imtaje kwa mtendaji wa kijiji, kwa jina lake na mahali alipo. Nao wanaoishi katika nyumba za mashamba, wenye mikataba na wasio nayo, wafike kwa mwenyekiti wa kitongoji wakiwa na majina kamili ya watoto wao wote, pamoja na waliozaliwa msimu huu.