Mipaka ya Amri ya Kijeshi Majimboni Kongo

Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilianza kutumika katika majimbo ya Ituri na Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Magavana wa kiraia walisimamishwa. Nafasi zao zikashikwa na maofisa wa jeshi, na za manaibu wao zikashikwa na maofisa wa polisi. Kesi za jinai za raia nazo zikahamishiwa mahakama za kijeshi.

Madaraka hayo ni mazito, lakini hayakutolewa bila mpaka. Katiba ya nchi hiyo huyatoa kwa siku 30, kisha Bunge huombwa idhini kila siku 15. Idhini hiyo, ni lazima isemwe, ilitolewa tena na tena hata siku zikawa miaka. Hata hivyo kifungu cha 61 hakiruhusu, kwa hali yoyote ile, mtu kuteswa wala kunyimwa haki ya kujitetea na kukata rufani.

Tarehe 30 Agosti 2023, mjini Goma, askari waliotumwa kuzuia maandamano waliwaua watu zaidi ya 50. Mahakama ya kijeshi iliwaweka kizimbani wanajeshi sita, na mwezi Oktoba kanali mmoja akahukumiwa kifo.