Rulo ya Rangi: Tazama Manyoya Yake

Wasikilizaji wetu wa Kamina, mvua ikishakatika wengi hupaka nyumba rangi. Kabla ya kununua rulo, pitisha kiganja ukutani uone kama ni laini au unakwaruza. Matofali ya kuchoma yasiyopigwa simenti yanataka manyoya marefu, milimita 18 au zaidi, yafike hadi kwenye viungo na vishimo. Ukuta uliosawazishwa kwa simenti, milimita 10 hadi 12 zinatosha. Mlango wa mbao au chuma? Mafupi, milimita 5 hivi.

Rangi ya maji ipewe nyuzi za kiwandani, maana sufu hunywa maji ikalala. Rulo ya sponji ni rahisi, ila kwa rangi ya mafuta mimi siipendi: huacha mapovu. Rulo mpya ioshe kwanza, nyuzi zilizolegea zitoke, kisha ikauke kabisa.