Mkono, Mteremko na Mwanga: Mistari ya Zigizaga Karagwe na Kyerwa



Hoja yangu leo ni moja. Zigizaga tunayoisifu kwenye picha na kazi za mikono mara nyingi si pambo lililoongezwa baada ya kazi kwisha, bali ni alama ya kazi yenyewe. Anayeinakili bila kuijua kazi hiyo huondoka na nusu ya habari.

Nianze na udongo. Ndani ya Mto Kagera, kwenye mpaka wa Tanzania na Uganda, kuna kisiwa cha Kansyore. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Susan Chapman alichapisha habari za vigae alivyovichimbua huko, na jina la kisiwa likawa jina la ufinyanzi wa wavuvi na wawindaji wa Kanda ya Ziwa Viktoria. Baadhi ya vyungu hivyo vina umri unaozidi miaka 7,000. Pambo lao mojawapo mashuhuri ni zigizaga iliyobanana. Mfinyanzi alikandamiza kifaa chenye ukingo wa mviringo kwenye udongo mbichi, akakiyumbisha huku na huku bila kukiinua, akikisogeza mbele kidogo kidogo. Zigizaga ni nyayo za mwendo huo.

Baada ya udongo, nyasi: kikapu cha kushona kina hesabu yake. Mshonaji huanzia katikati, akizungusha kicha cha nyasi na kukifunga mshono baada ya mshono. Akihamisha rangi mshono mmoja kulia kila mzunguko, hupata mstari wa mshazari; akiirudisha kushoto, zigizaga imezaliwa. Lakini kila mzunguko ni mrefu kuliko uliotangulia. Asipoongeza mishono kwa uwiano, jino la mwisho halitakutana na la kwanza. Hesabu hiyo yote hufanyika kichwani, na kosa la mwanzo huonekana ukingoni.

Ng'ambo ya Kagera, upande wa Rwanda, eneo la Nyarubuye linajulikana kwa sanaa ya imigongo: samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikainuliwa kwa vidole kuwa matuta membamba, kisha ikapakwa rangi. Huko zigizaga ina kimo, kwa hiyo ina kivuli.

Kivuli hicho ndicho kinachotuleta kwenye picha za mandhari. Karagwe na Kyerwa, wilaya jirani za kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ni nchi ya migongo ya milima. Mtu anayepanda mteremko mkali huko hupindapinda, na njia yake huwa zigizaga; sababu yake inapimika. Kimo cha mita 100 kikipandwa kwa njia ya mita 500, mwinuko ni takriban asilimia 20. Njia ikirefushwa hadi mita 2,000, unashuka hadi asilimia 5. Maji hayana subira hiyo: yakipewa njia iliyonyooka, huchimba korongo.

Mpiga picha ajue pia jua la huku. Tuko karibu na Ikweta. Saa sita mchana mwanga huanguka karibu wima, na vivuli vinavyoonyesha njia na matuta hufupika sana. Asubuhi au jioni mwanga hupita ubavuni, nao mstari husimama. Apande mgongo wa mlima unaoikabili njia, kwani akiwa chini ya njia ataona mikunjo imelaliana.

Napendekeza basi kwa walimu wa sanaa na upigaji picha jambo moja dogo: kila picha ya zigizaga iambatane na maelezo ya kitu kilivyotengenezwa, kwa malighafi gani na kwa matumizi yapi; ikiwa ni njia, nani huipita na amebeba nini. Anayejua hesabu ya mshonaji atajua kwa nini kikapu hakiwezi kuuzwa kwa bei ya kitambaa kilichochapwa mchoro uleule. Na mhandisi anayejua kwa nini njia imepinda atafikiri mara mbili kabla ya kuinyoosha.