Msaragambo wa Elimu: Hotuba ya Kamati ya Elimu kwenye Harambee ya Mwaka





Wazee wetu walichimba ndiva kwa msaragambo, maji ya usiku yakatunzwa yamwagilie mashamba mchana. Leo tunaomba msaragambo mwingine: kuwasaidia vijana wetu wafike shahada ya uzamivu katika kemia.

Kwa nini kemia? Tazameni betri za sola zilizochakaa. Nyingi zina risasi na tindikali. Zikivunjwa na kuyeyushwa uani, risasi huingia kwenye vumbi na hewa, ikadhuru ubongo wa mtoto. Risasi hiyohiyo ikichakatwa kitaalamu hutengeneza betri mpya. Chupa ya maji nayo, ikiyeyushwa tena na tena, plastiki yake hupungua ubora. Kemia inaweza kuirudisha kwenye malighafi yake ya awali. Kazi za namna hiyo zinahitaji watafiti.

Nafasi zipo. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, inayofundisha sayansi na teknolojia hadi uzamivu. Nchini Ujerumani, vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo ya uzamivu, na watafiti wengi huajiriwa kwa mkataba wakalipwa mshahara. Shirika la DAAD la huko pia hutoa ufadhili. Vijana wetu, msisubiri tangazo tu: mwandikieni profesa anayetafiti jambo mnalolipenda, mumweleze wazo lenu kwa ufupi.

Kikwazo mara nyingi si ada. Ni pasipoti, viza, mtihani wa Kiingereza, kuthibitisha vyeti na nauli: gharama zinazodaiwa kabla ya mshahara wa kwanza. Mtoto wa mkulima wa tangawizi anaweza kupata nafasi, akaipoteza hapo.

Ndiyo maana tunachangisha. Fedha hizi zitakuwa mkopo usio na riba. Aliyesaidiwa akianza kulipwa, atarudisha kidogo kidogo ili mwenzake naye aondoke. Ndiva ikifunguliwa asubuhi, jioni huzibwa ijae tena.

Kwenye msaragambo kila kaya ilitoa mtu na jembe lake. Nasi tunaomba kila mmoja atoe alichojaliwa.