Seva Yetu na Ujira Wao

Hotuba kwa wanajumuiya na majirani, Tanga

 

Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya huduma za jamii zinazotolewa na hekalu letu. Ni desturi katika siku kama ya leo kusoma orodha ya yaliyotendwa: sahani za chakula, kambi za macho, miwani iliyogawiwa, wazee waliotembelewa. Orodha hiyo imebandikwa pale mlangoni, na kila mwenye macho ataisoma. Sisi tungependa kuzungumza juu ya watu wanaozifanya kazi hizo: jinsi tunavyowatafuta, tunavyowachagua na tunavyowalipa. Na hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe.

Wengi wenu mnamkumbuka mpishi wetu wa zamani. Kwa miaka 17 alisimama mbele ya masufuria yale makubwa nyuma ya ukumbi, akipika wali, dal na khichdi kwa wahitaji waliopanga foleni hadi barabarani. Alikuja kabla ya alfajiri kuwasha kuni, akaondoka baada ya sufuria la mwisho kusuguliwa. Watoto wetu walimwita Babu. Sisi tulimwita mtu wa kujitolea. Kila mwisho wa wiki tulimpa posho, na kila Diwali tulimpa bahasha, nguo mpya na sanduku la mithai. Tulipopiga naye picha, tuliandika chini yake kwamba yeye ni wa nyumbani.

Miguu ilipomshinda, alikuja ofisini akiwa na mkongojo. Aliuliza, kwa adabu kabisa, juu ya mafao yake. Tulifungua kabati tukatafuta jalada lake. Halikuwapo. Hapakuwa na mkataba, hapakuwa na namba ya NSSF, hapakuwa hata na karatasi moja yenye jina lake kamili. Mmoja wetu akamweleza kwamba yeye alikuwa akifanya seva, kama sisi sote. Mzee akatutazama, akasema: "Matajiri, siku niliyolala na homa posho yangu ilikatwa. Mtu wa kujitolea hukatwa nini?"

Hakuna aliyemjibu.

Ndugu zetu, hesabu ya jambo hili ni nyepesi, na sisi wafanyabiashara tunajua hesabu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba angalau nusu yake. Mwanachama aliyechangia miezi 180, yaani miaka 15, akifikia umri wa kustaafu hustahili pensheni ya kila mwezi. Mzee wetu alifanya kazi miezi 204. Laiti tungalimwandikisha siku ile ya kwanza, angalikuwa na pensheni yake hadi leo. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Yeye alichumia penye jua na penye moto wa kuni, na kivuli chake sisi tulikuwa tumekigawa katika sahani, tukakiita sadaka yetu.

Jambo hili lilituuma zaidi kwa sababu sisi, kuliko watu wengine, tulipaswa kulijua. Babu zetu walipofika pwani hii kwa majahazi kutoka Kathiawar, wengi wao hawakuja na mtaji. Waliletwa na jamaa, wakafanywa watumishi wa duka. Walifungua milango alfajiri, wakafagia, wakapima nafaka, wakalala juu ya kaunta usiku, na ujira wao ulikuwa chakula na ahadi. Wakiuliza mshahara waliambiwa: "Wewe ni wa nyumbani." Kila familia iliyoketi hapa ina hadithi ya babu aliyesubiri ahadi ile mwaka baada ya mwaka. Neno lililowaumiza babu zetu ndilo tuliloliandika chini ya picha ya mpishi wetu.

Bhagavad Gita, katika sura ya 17, inazipanga sadaka katika daraja tatu. Ya juu ni ile itolewayo kwa sababu ni wajibu, mahali pafaapo na wakati ufaao, bila kutazamia malipo. Ya kati ni ile itolewayo kwa kutaka faida. Ya chini kabisa ni ile itolewayo pasipo heshima. Tulipoisoma tena baada ya siku ile, tuliona kwamba mshahara hauingii katika daraja lolote kati ya hizo. Mshahara si sadaka. Ni mali ya mfanyakazi iliyo mikononi mwetu kwa muda. Majirani zetu Waislamu nao wanafundishwa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Sisi tuliliacha jasho likauke kwa miaka 17.

Basi tulifanya nini? Kamati ilikaa mikutano mitatu, na si yote iliyokuwa ya upole. Mwishowe tulipiga hesabu ya michango ambayo tungepaswa kumtolea, tukaongeza kiinua mgongo, tukamlipa Mzee mbele ya mwanawe na mwenyekiti wa mtaa. Fedha zilitoka katika mfuko uliokuwa umetengwa kwa ajili ya marumaru. Wageni wetu waliouliza asubuhi ya leo kwa nini sakafu ya ukumbi huu mzuri bado ni saruji, sasa wamepata jibu. Hatusemi kwamba tulimaliza deni. Fedha ya mkupuo huisha, pensheni hurudi kila mwezi. Tulichoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba hapatakuwa na Mzee wa pili.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu wa kuajiri, na tunaueleza hapa hadharani ili majirani mtushike nao.

Kwanza, tunatenganisha seva na ajira kabla ya kumwita mtu yeyote. Tunajiuliza maswali matatu. Je, mtu huyu anaweza kukosa kuja bila kuomba ruhusa? Je, saa zake anazipanga mwenyewe? Je, nyumbani kwake watakula hata kama sisi hatukumpa kitu? Akijibiwa ndiyo kwa yote matatu, huyo ni mwenye kujitolea, nasi tunampokea kwa mikono miwili, tunamrudishia nauli yake na kumshukuru. Jibu likiwa hapana hata kwa moja, tunaijadili kazi hiyo kama ajira.

Pili, hatuajiri kabla ya kuwa na mshahara wa mwaka mzima benki. Hili tumelileta kutoka dukani. Michango ya Diwali ni mingi, na moyo wakati huo huwa mkunjufu, lakini michango hiyo haifiki Julai. Kumwajiri mtu kwa furaha ya sikukuu na kumwachisha kazi wakati wa mvua za masika ni kumdhulumu, hata kama nia ilikuwa njema.

Tatu, tunatangaza. Zamani tuliajiri kwa kuulizana: nani ana mtu? Na kila mtu alikuwa na mtu wake. Siku hizi tangazo huandikwa kwa Kiswahili chepesi, likieleza kazi, saa, mshahara na siku ya mwisho ya maombi. Hubandikwa langoni kwetu, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na, kwa hisani ya majirani, kwenye mbao za matangazo za msikitini na kanisani. Serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwezi Januari 2024, ilihimiza wachaguliwe miongoni mwa wakazi wa mahali watakapotumikia. Ni busara hiyohiyo. Anayebisha hodi kwa mzee asiyejiweza sharti awe mtu ambaye mtaa unamjua.

Nne, hatuulizi dini ya mwombaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa dini, kabila, jinsia, ulemavu na mengineyo, isipokuwa pale ambapo sifa fulani ni hitaji la lazima la kazi yenyewe. Kazi ya pujari ni ya namna hiyo. Kupika, kulinda, kuandikisha wagonjwa na kutembelea wazee siyo. Ila tunasema mapema yale ambayo mahali hapa panataka: viatu huvuliwa, na nyama, samaki, mayai na pombe havipiti lango. Huo ni mwiko wa jiko, hauhusu imani ya mpishi. Akiukubali, swala yake na ibada yake tunazipangia muda.

Tano, usaili hufanywa na watu watano, na wawili kati yao ni majirani wasio wanajumuiya. Baada ya maswali kuna jaribio la vitendo, ambalo tunalilipia kama kibarua cha siku. Mpishi hupika sufuria zima, si kijiko cha kuonja. Mwenye kuomba kazi ya kutembelea wazee hufuatana na mmoja wetu hadi nyumbani kwa mzee. Hapo tunatazama jambo moja tu: anazungumza na mgonjwa, au anazungumza juu ya mgonjwa na watu waliosimama kando? Cheti kinatueleza alichosoma. Mkekani tunaona alivyolelewa.

Utaratibu huu ulitugharimu mapema kuliko tulivyodhani. Mfadhili mmoja mkubwa alituletea jina la kijana wake kwa nafasi ya mratibu. Tulimwomba kijana apeleke barua kama wenzake. Alipeleka, akasailiwa, akawa wa tatu. Nafasi ikaenda kwa binti wa Makorora, ambaye mama yake huuza samaki na ambaye hakuwa na mtu wa kumsemea. Mwaka uliofuata mchango wa mfadhili yule haukuja. Hatumlaumu, naye alikuwa mzazi. Lakini binti yule, katika mwezi wake wa pili, aligundua kwamba orodha yetu ya wazee ilikuwa na majina ya marehemu wanne, na kwamba unga wao ulikuwa ukichukuliwa bado. Mgeni ndiye aliyeona tulichozoea kukifumbia macho.

Sita, mkataba. Huandikwa kwa Kiswahili, nao husomwa kwa sauti kabla ya kutiwa saini, hata kwa mwenye kujua kusoma. Unataja mshahara, saa zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, siku 84 za uzazi kwa mama, NSSF, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huuchangia bila kumkata mfanyakazi. Muda wa majaribio una mwanzo na mwisho. Nakala moja huenda nyumbani na mfanyakazi. Kila baada ya miezi mitatu tunamwomba aangalie mwenyewe salio lake la NSSF, kwani mwajiri anayesema "tumeshapeleka" naye ahakikiwe.

Saba, usalama wa wale tunaowahudumia. Hakuna aendaye peke yake nyumbani kwa mgonjwa, huenda wawili. Hakuna mfanyakazi wala mwenye kujitolea, awe tajiri au maskini, anayekaa faragha na mtoto. Malalamiko hupokelewa na mama mmoja wa mtaa ambaye si mjumbe wa kamati, ili asiwe na wa kumwonea haya.

Wapo wenzetu wanaosema: fedha za sadaka ziende kwa maskini, zisiende katika mishahara. Ni hoja ya haki, nayo tunaijibu bila kuficha kitu. Zamani tulipika siku tatu kwa wiki. Sasa tunapika siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa ikilipiwa na mpishi, kutoka katika uzee wake, bila yeye kuulizwa. Tukitaka kuirudisha, na tunataka, tuilipie sisi. Kwa maneno mengine, wanajumuiya, masanduku yako pale mlangoni, karibu na ile orodha.

Kwa vijana wetu, msidhani kwamba kuajiri kumeiondoa seva. Kuosha sahani, kuvua viatu vya mzee anayeingia kliniki, kumshika mkono aliyetoka kufunguliwa bendeji ya jicho: hayo hayana mshahara, na hatutaki yawe nao. Njooni myafanye. Mtayafanya kwa furaha zaidi mkijua kwamba aliye kando yenu, mwenye aproni, analipwa haki yake.

Kwa majirani: mwezi ujao tutatangaza nafasi mbili, ya mpishi msaidizi na ya mhudumu wa wazee. Waambieni watoto wenu waombe. Wasitafute mtu wa kuwasemea, kwa maana hatamsaidia.

Mzee wetu yuko hapa leo, ameketi safu ya mbele kwa mwaliko wa kamati nzima. Ameonja dal ya leo na kutuambia kwamba chumvi imepungua. Tumeipokea hukumu hiyo, na mpishi mpya ameshajulishwa.

 Karibuni chakula. Namaste.